Kifaa Kinachogusa na Kifaa Kinachoguswa: Uhakiki wa Sentensi Moja

Miongoni mwa kazi zinazoletwa kwetu zikaguliwe kabla ya kupigwa chapa, imo rasimu moja ya tafsiri ambayo tumeona vema kuijadili hadharani, kwani dosari zake si za mfasiri mmoja peke yake. Rasimu hiyo yaeleza utafiti wa Profesa John Rogers, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, juu ya vifaa laini vya kielektroni vinavyokaa juu ya ngozi ya mgonjwa na kupima mapigo ya moyo, pumzi na joto la mwili. Jina la mfasiri hatutalitaja, wala la ofisi iliyomtuma. Sarufi yake ni safi, na matini yake husomeka bila kukwaza. Lakini matini yaweza kusomeka vizuri na bado msomaji akatoka na jambo ambalo mwandishi hakulisema.

Sentensi tunayotaka kuipima ni hii: "Sensa hii laini ya kuvaa, iliyotengenezwa kwa silikoni, huhisi hali ya mtoto na kugusa ngozi yake kama ngozi bandia." Karibu kila neno lenye uzito ndani yake lina kesi ya kujibu.

Rasimu tulikuwa nayo mkobani tulipokwenda Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, kwa shughuli nyingine ya kukusanya istilahi za kilimo. Siku ya pili tuliisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya wakunga wawili na akina mama waliokuwa wakingoja zamu ya kupima watoto uzito. Hatudai kwamba huo ulikuwa uchunguzi wa kitaalamu. Hatukuwa na hojaji, wala hatukuhesabu majibu. Hata hivyo saa ile moja ilitufunza mengi kuliko vikao vingi vya siku tatu tulivyopata kuhudhuria. Bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, sensa si mlikwisha kutuhesabu? Au mmewarudia wachanga?" Watu wakacheka, nasi tukacheka, lakini swali lilikuwa la haki kabisa.

Yafaa ieleweke kwamba Tabora si mgeni wa vifaa vya namna hii. Tangu mwaka 2021 mkoa huo ulikuwa mmoja wa mikoa mitano, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, iliyotekeleza mpango wa uzazi salama uitwao Safer Births katika vituo 30 vya afya na hospitali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu asilimia 40. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa mafunzo ya mara kwa mara ya wakunga papo hapo kazini. Vifaa vilikuwa upande mmoja tu wa jambo. Kimoja cha vifaa hivyo, kilichotengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway na kufanyiwa utafiti Muhimbili na Haydom, hufungwa kwa mkanda juu ya tumbo la mama na kusoma mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Watengenezaji wamekiita Moyo. Tunawashukuru kwa kuchagua neno letu, ila tungalishauriwa tungaliomba waongeze silabi mbili tatu, maana mkunga akisema "Moyo umezimika, nileteeni mwingine", aliye nje ya mlango hana namna ya kujua kama imezimika betri au umezimika uhai.

Ili tuyahukumu maneno, yatupasa kwanza tukijue kitu chenyewe. Mtoto njiti anapolazwa hospitalini, hubandikwa vipokezi kwa gundi kali, navyo huunganishwa na mashine kwa nyaya. Gundi hiyo yaweza kuichubua ngozi yake changa wakati wa kubandua. Nyaya nazo humtenga na mama, ilhali dawa mojawapo kubwa ya mtoto huyo ni kupakatwa ngozi kwa ngozi kwa njia ya kangaruu. Mwaka 2011 Rogers na wenzake, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, walieleza katika jarida la Science saketi nyembamba mno iliyoshikamana na ngozi bila gundi. Mwaka 2019, katika jarida hilo hilo, walieleza jozi ya vifaa vya watoto wachanga, kimoja cha kifuani na kimoja cha mguuni, visivyo na waya hata mmoja, vilivyojaribiwa katika hospitali za Chicago. Baadaye vifaa vya ukoo huo vilijaribiwa kwa watoto wachanga katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Basi istilahi tunazozijadili zimekwisha kufika Afrika ya Mashariki. Si za maabara za ng'ambo tu.

Tuanze na neno lililomshangaza bibi. Sensa, kwa Mtanzania, ni ile ya tarehe 23 Agosti 2022, ambayo ilitupata watu 61,741,120. Mfasiri amelichukua neno la Kiingereza la kifaa, akalitohoa kwa kufuata kanuni, na akatua juu ya neno jingine lililotoholewa zamani kwa maana nyingine. Kanuni za utohozi hakuzivunja. Alichosahau ni kutazama kama kiti kina mwenyewe.

Tusidhaniwe kwamba twayachukia maneno ya kigeni. Njia ile ile ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, ilileta merikani, yaani nguo ya pamba iliyochukua jina la nchi ilikotoka. Ilipimwa kwa mikono: mikono 4 ikawa shuka, mikono 8 ikawa doti. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba nguo pamoja na jina lake, na hakuna Baraza lililoketi kulipitisha. Merikani lilipokewa kwa sababu hapakuwa na merikani nyingine. Sensa ya mtoto haina bahati hiyo.

Badala ya sensa wengi hutumia kihisi, na sisi twalikubali. Limeundwa kama kihami na kinasa sauti, kwa ki- na mzizi wa kitenzi, na aliyepita darasa la sayansi hulitambua mara moja. Wako wanaopendelea kitambuzi. Hilo tunalipinga, kwa sababu kutambua ni kazi ya akili: mtu humtambua nduguye kwa mwendo. Kifaa cha kifuani hakimtambui mtoto wala ugonjwa wake. Hupokea badiliko dogo la umeme na kulipeleka panapohesabiwa. Kukipa jina la kitambuzi ni kukiongezea cheo ambacho mhandisi mwenyewe hakukiombea.

Hata hivyo, kulikubali jina kihisi si kukikubali kitenzi kuhisi, na hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu ofisini. Katika Kiswahili cha kila siku, nahisi ni neno la mtu asiye na hakika. Nahisi mvua itanyesha. Nahisi wamekwisha kuondoka. Mfasiri aliyeandika kwamba kifaa huhisi hali ya mtoto amemwambia mama kwamba kifaa kinabahatisha. Mkunga mmoja, mtu wa makamo, aliyasema haya kwa ufupi kutuzidi: "Mashine ikihisi, mimi nifanye nini? Hata mimi nahisi." Kwake suala hili si la ladha ya lugha. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Ukishuka chini ya hapo na kubaki chini, mkunga hana budi kutenda. Mama na nduguze wakiambiwa kwamba mashine inahisi moyo unakwenda polepole, watapenda kungoja kidogo waone. Wakiambiwa kwamba mashine imepima mapigo 90, hawatauliza maswali mengi.

Tumejibiwa kwamba neno litazoeleka. Kwamba wahandisi wakilitumia kuhisi kwa maana yao, wananchi watafuata. Yamkini. Lakini neno haliendi kila mara upande tunaoutaka. Hongo lilikuwa ushuru aliolipwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake, na ulilipwa hadharani, kwa nguo na shanga. Leo hakuna mtumishi wa serikali atakayelitumia neno hilo kwa ushuru wa halali. Halikubadilishwa na kamati yoyote, wala hakuna kamati itakayolirudisha. Kwa hiyo pendekezo letu ni hili: kihisi kibaki kuwa jina la kifaa katika vitabu vya ufundi, bali kitendo chake, katika maandishi yanayomfikia mgonjwa, kiwe kupima au kupokea. Wapo watakaosema kwamba tunaanzisha lugha mbili. Twaona sivyo. Kipimajoto chaitwa hivyo kwa mwanafunzi na kwa mama vilevile. Tunachotaka ni kwamba kihisi nacho kifuatane na kitenzi ambacho wote wawili wanakielewa namna moja.

Neno laini limetusumbua zaidi kuliko tulivyotarajia. Kwa Kiswahili laini ni isiyo ngumu, lakini pia ni isiyokwaruza: kioo ni laini, na godoro ni laini. Mhandisi hazungumzii uso wa kitu bali jinsi kinavyokubali kupinda na kuvutika pamoja na ngozi. Tena mfasiri ameweka laini na silikoni katika sentensi moja, na hapo ameingia katika shimo ambalo hata msomaji mwenye elimu halioni. Katika Kiingereza yako majina mawili yanayotofautiana kwa herufi moja ya mwisho. La kwanza ni la elementi inayotengenezewa saketi, kitu kigumu kinachovunjika kama kigae, ambacho ukakamavu wake wapita ule wa ngozi ya binadamu mara makumi ya maelfu kwa uchache. La pili ni la mpira mwororo unaotengenezwa kwa kuunganisha elementi hiyo na oksijeni na vikundi vya kaboni. Kwetu yote mawili yamekuwa silikoni. Katika kifaa cha Rogers yote mawili yamo: kile kigumu ndani, na ule mpira nje yake.

Ufundi wenyewe umo katika kuvipatanisha viwili hivyo. Ubamba ukipunguzwa unene kuwa nusu, ukakamavu wake wa kupinda hushuka mara nane. Ukipunguzwa kuwa sehemu moja ya kumi, hushuka mara elfu. Kwa hiyo kitu kigumu, kikifanywa chembamba vya kutosha, hupinda bila kuvunjika, na njia za umeme zikichorwa kwa kupindapinda kama nyoka badala ya kunyoka, huvutika bila kukatika. Silikoni haikulainika, imepewa umbo la kupinda. Kwa dhana hii lugha yetu inalo neno -nyumbufu, ambalo walimu wa fizikia wamelizoea. Tunapendekeza vihisi vinyumbufu kwa vile vinavyopinda na kuvutika, na laini libaki kwa ule mpira. Mpira nao uitwe mpira wa silikoni kila mahali bila kufupishwa, na silikoni peke yake iwe ni ile elementi. Twajua ufupisho utarudi kwa mlango wa nyuma, lakini walau vitabu vya shule visiwe ndivyo vilivyoufungua.

Kuhusu kuvaa hatuna maneno mengi. Mswahili huvaa nguo, viatu, miwani, saa na pete. Mkanda huufunga. Kinachoshikamana na ngozi kama plasta hakivaliwi, hubandikwa. Akina mama wa Isikizya walipoambiwa kwamba mtoto atavaa kifaa, waliuliza kama kinafuliwa. Basi vya kufungwa viitwe vya kufungwa, vya kubandikwa viitwe vya kubandikwa, na tukihitaji jina la jumla tuseme vihisi vya mwilini. Ngozi bandia nayo haifai kabisa: kila aliyenunua viatu sokoni ajua kwamba ngozi bandia ni ile inayopasuka kabla ya mwezi kwisha. Ngozi ya kielektroni yatosha.

Tumelibakiza neno kugusa kwa makusudi, kwa sababu hapa mfasiri hakukosea kwa kuchagua neno baya, bali kwa kuridhika na neno moja pale ambapo lugha yake ilikuwa imemwekea mengi. Tulikwenda Isikizya, kama tulivyosema, kwa ajili ya istilahi za kilimo, na tumbaku ni zao kubwa huko. Mkulima anapolitoa jani banini halitazami tu. Hulipapasa kwa vidole apate kujua kama limekuwa kavu mno hata litavunjika akilishika, au limerudisha unyevu wa kutosha kupangwa. Muuza maembe hukugombeza ukilitomasa embe lake, lakini hakugombezi ukiligusa. Mkunga hupapasa tumbo apate kujua kichwa cha mtoto kiko upande gani. Kidole hubonyeza kitufe. Nzi hutua.

Nzi tumemtaja kwa sababu. Mwaka 2010 Profesa Zhenan Bao wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walieleza katika jarida la Nature Materials kihisi chenye utando wa mpira uliofinyangwa kwa piramidi ndogo zisizoonekana kwa macho. Utando huo huwekwa katikati ya sahani mbili za kapasita. Ukibanwa, sahani husogeleana na uwezo wa kapasita wa kuhifadhi chaji hubadilika. Kiliweza kupokea uzito wa nzi wa miligramu 20, kanieneo ya paskali 3 hivi. Katika habari za namna hii wafasiri wengi huandika kwamba kifaa hicho kiliguswa na nzi. Hakuna Mswahili asemaye nzi amenigusa.

Tofauti hizi si mapambo ya lugha. Wahandisi wa mguso wanayo maswali manne wanayoyauliza kwa vifaa mbalimbali. La kwanza: je, vitu viwili vimekutana? Huko ni kugusa. La pili: kani inayosukuma moja kwa moja ndani ya uso ni kubwa kiasi gani? Huko ni kubonyeza. La tatu: kitu kinapopita juu ya uso bila kuukandamiza, kinakwaruza au kinateleza? Huko ni kupapasa. La nne: kitu kinapobinywa, kinabonyea kiasi gani kwa kani ile, hata kijulikane ni kigumu au kilaini? Huko ni kutomasa, na muuza maembe alikwisha kukipiga marufuku kabla maabara hazijakipa jina. Kwa mintarafu hiyo tunapendekeza kihisi-mguso, kihisi-mbonyezo, kihisi-mpapaso na kihisi-mtomaso. Mtomaso huenda likamfanya mtu atabasamu. Tunaona heri tabasamu hilo kuliko kuandika kihisi cha mguso mara nne kwa vitu vinne.

Upande wa pili wa mguso haujapata jina. Mwaka huo wa 2019 kundi la Rogers lilieleza katika jarida la Nature kitambaa chembamba cha kubandika chenye vitetemeshi 32 vidogo. Mtu aliye mbali akipitisha kidole juu ya skrini, vitetemeshi hutikisika kwa mpangilio ule ule, naye aliyebandikwa akapata kama mkono unampitia mgongoni. Hapa kifaa hakiguswi ili kipime. Chenyewe ndicho kinachogusa, kwa niaba ya mtu. Wengine wamependekeza ugusishaji, kwa kufuata kugusisha. Tumelijaribu Isikizya kwa kueleza kwamba siku moja bibi aliye Uyui ataweza kumpapasa mjukuu aliye Dar es Salaam. Bibi yule yule wa sensa alifikiri kidogo, akasema hiyo si kugusisha, hiyo ni kutuma mkono. Kutuma mkono hatuwezi kuliingiza katika orodha, maana halizai nomino iliyo nyepesi, lakini tangu siku ile ugusishaji limetuchacha kinywani. Tunawaomba walimu na wafasiri watuletee neno jingine kabla halijapelekwa kwenye kamati ya usanifishaji.

Kabla hatujaondoka Isikizya tuliiandika upya sentensi ya rasimu na kuisoma kwa wale wakunga wawili: "Kihisi hiki chembamba na kinyumbufu hubandikwa kifuani mwa mtoto. Hupima mapigo ya moyo wake na pumzi zake, na mama aweza kumpakata kikiwa mahali pake." Yule wa makamo aliomba kalamu. Alikata kinyumbufu, akaandika juu yake kinachopinda, akaturudishia karatasi. Rasimu imekwenda kwa mfasiri ikiwa na sahihisho hilo.